Nilivyompeleka mwalimu wa historia Mombasa bila kukanyaga ufuo

Mamangu alifundisha shule ya msingi hapa Nakuru kwa miaka thelathini na mmoja. Kila mwaka, mbele ya darasa jipya, alichora mraba ubaoni, akaandika chini yake "Fort Jesus, 1593", kisha akawasimulia watoto habari za Wareno. Ngome yenyewe, Fort Jesus ya Mombasa, hakuwahi kuiona. Mombasa alifika mara moja tu, kwa semina ya walimu, akalala siku nne kwenye hoteli ya ufuoni na kurudi na kopo la mabuyu. Alipostaafu ndipo akanitobolea siri hiyo, kwa haya kidogo, kama mtu anayekiri kwamba aliwahi kusahihisha mitihani bila kuisoma.

Mimi pia sina la kujisifu. Nimekwenda Mombasa mara nne na kila safari gari lilinipitisha mjini mbio mbio, likanishusha Nyali au Bamburi, huko ufuoni. Basi tukawekeana sharti: siku mbili, tutakaa kisiwani, na hakuna atakayetia mguu ufuoni. Mama ana miaka 68 na goti la kulia lisilopatana na ngazi, kwa hiyo nilipotafuta nyumba ya wageni Mji wa Kale swali langu la kwanza lilikuwa kama wana chumba cha chini. Nyumba nyingi kule ni za ghorofa, na ngazi zake ni nyembamba na za kusimama wima. Nyumba tatu ziliniambia hapana, ya nne ikakubali.

Tiketi za treni nilikata mapema kwa simu, shilingi 1,500 kila mmoja kwenda na kiasi hicho hicho kurudi. Ukisafiri wikendi usingoje siku mbili zibaki, zitakuwa zimekwisha. Beba kitambulisho chenyewe, si picha yake kwenye simu, na ufike stesheni na saa nzima mkononi, maana mizigo hupangwa chini mstari mmoja ikanuswa na mbwa kabla hujaingia. Tuliondoka Nairobi Ijumaa saa tisa alasiri. Kuna kilomita 470 na ushei hadi Miritini, iliko stesheni ya Mombasa, na sehemu nzuri ni Tsavo jua likitua, ndovu wakiwa wekundu kwa vumbi la huko. Mama aliwahesabu hadi giza likamzuia. Kumi na tisa, kwa hesabu yake.

Jumamosi niliiharibu mimi mwenyewe. Nilikuwa nimepanga ziara kwa ramani: kipi kiko karibu na kipi, twende hapa, tupinde pale, tusirudie njia. Jua sikulipa nafasi katika mpango huo. Asubuhi ikaliwa na soko la Marikiti, kwa sababu ndilo lililokuwa mwanzo wa mstari wangu. Mama akanunua iliki, mdalasini, pilipili manga na kilo mbili za tende, na mfuko huo nikaubeba siku nzima kama adhabu. Funzo dogo: Marikiti iwe ya mwisho, ukielekea kwenye begi lako.

Kutoka hapo kijana mmoja akajiunga nasi, mchangamfu, akituonyesha milango ya kuchongwa na kutuambia kila nyumba ina miaka mia tano. Mama akawa anamtazama kwa jicho ninalolijua. Baada ya nusu saa akataka shilingi 2,000. Hatukuwa tumemwita, lakini pia hatukuwa tumemuuliza bei, na hilo ni kosa letu. Mama akamwambia, "Mwanangu, kwa tarehe ulizozikosea nakukata nusu." Akampa 500 na kijana akacheka, akashukuru, akaenda zake.

Tulifika Ngomeni saa sita na nusu mchana. Ngome ile imejengwa kwa mawe ya matumbawe juu ya mwamba wa matumbawe, na jua la utosi likiyapiga, joto linakujia kutoka juu, chini na ubavuni. Ua wa ndani ni mpana na kivuli chake ni haba. Mama alipanda mteremko wa kwanza, akasimama, akaketi kwenye ukingo wa jiwe, akasema goti limekataa. Nikamwacha kivulini nikazunguka peke yangu haraka haraka, nikipiga picha za kumwonyesha. Niliporudi alikuwa amenuna. Miaka thelathini na mmoja ya mraba ubaoni, halafu mimi namletea picha za simu! Tukatoka bila kusemezana. Nje maduka mengi ya Mji wa Kale yalikuwa yamefungwa kwa sala ya adhuhuri na usingizi wa mchana, vichochoro vitupu, paka tu.

Aliyetuokoa ni mzee muuza kahawa. Jua lilipopoa tuliketi kwenye benchi lake, dele la shaba juu ya makaa, kahawa tungu kwenye vikombe vidogo visivyo na mkono, kashata pembeni. Akatuuliza tumeona nini. Mama akamweleza yote, pamoja na sehemu yangu.

"Mwalimu," akasema, "mwatembea saa ambayo sisi wenyewe twalala. Hapa ni alfajiri mpaka saa nne, kisha ni alasiri mpaka usiku. Hapo kati mwaachie mbuzi."

Nikatoa mpango wangu mfukoni nikaupindua. Kila kitu cha kutembelewa kwa miguu kikaenda asubuhi mapema au jioni, na mchana ukawa wa kulala, kula au kukaa kwenye kitu kinachokwenda chenyewe. Ni hilo tu nililobadilisha, na Mombasa ikawa mji mwingine.

Jioni hiyo hiyo tukaanza na Biashara Street, mtaa wa leso. Maduka yamepangana pande mbili, leso zimening'inizwa hadi barabarani, na mafundi wa cherehani wanakungoja wakukatie jozi yako na kuipinda. Mama alisoma majina ya leso mojamoja kama anayesahihisha insha. Nyingine alizirudisha: "Hii ni matusi." Akachagua iliyoandikwa "Usisafirie nyota ya mwenzio" akaniangalia alipokuwa akilipa. Nilijua inanihusu mimi na ramani yangu. Leso inunue Jumamosi, kwani Jumapili maduka mengi ya mtaa ule hufungwa.

Kisha tukapanda tuktuk hadi Mama Ngina Drive, ambako wenyeji wengi bado wanaita Lighthouse. Kama ningelazimishwa kuchagua saa moja tu katika safari nzima, ningechagua ile. Wenyeji hufika na familia zao magharibi, wanakula mihogo yenye pilipili na ndimu, wanakunywa madafu chini ya mibuyu mikubwa, na mbele yao meli za kontena zinaingia mkondo wa Kilindini. Mkondo ni mwembamba kiasi kwamba meli inapita kama nyumba ya ghorofa kumi iliyoamua kuhama. Mazungumzo yanakoma, watoto wanapunga mikono, kisha watu wanarudia mihogo yao.

Hapo Mama akaingia darasani. Kwa karne nyingi, akasema, bandari ya Mombasa ilikuwa upande wa pili wa kisiwa, chini ya ngome. Majahazi yalikuja na upepo wa kaskazi, Desemba hadi Machi, kutoka Uarabuni na Bara Hindi, yakangoja upepo wa kusi uyarudishe kwao. Lakini meli za moshi zilitaka maji marefu, na jina lenyewe linakuambia yako wapi: Kilindini. Mwaka 1896 Waingereza walipoanza kujenga reli ya kwenda Uganda, vifaa vilishushiwa huku, na Bandari ya Kale ikaanza kuachiwa majahazi. Mwanamke aliyekaa jirani yetu na wanawe wawili alikuwa amegeuka anasikiliza. Akamwuliza Mama, "Shikamoo, mwafundisha shule gani?" Nikaona goti limesahauliwa.

Jumapili tuliamka kabla ya adhana ya alfajiri. Saa kumi na mbili na nusu tulikuwa Ndia Kuu, mtaa mkuu wa Mji wa Kale, na jina hilo nalo likamfurahisha Mama: kwa Kimvita, Kiswahili cha Mombasa, njia ni ndia. Hewa ilikuwa ya baridi kidogo, wanawake wanafagia vizingiti, watoto wamevaa kanzu wanakwenda chuo cha Kurani. Milango ya kuchongwa ya jana ilikuwa ile ile, ila leo tulikuwa na muda wa kusimama. Tulipita Msikiti wa Mandhry, ambao husemwa ulijengwa mwaka 1570, na mnara wake mweupe unaochongoka kuelekea juu. Ukiutazama ukumbuke ulikuwepo kabla ya ngome. Mama alilirudia hilo mara mbili. Katika vitabu alivyofundishia, mji ulianza Wareno walipofika.

Karibu na Bandari ya Kale mlinzi alituonyesha kwa kidole kibao cha kukataza picha. Tukaweka simu mfukoni na tukatazama kwa macho. Majahazi mawili yalikuwa yametia nanga, moja linapakwa rangi. Kiamsha kinywa kikawa mahamri ya moto na mbaazi za nazi kwa mama mmoja aliyeweka meza mlangoni kwake. Tulikula manane, na sitasema nani alikula matano.

Saa mbili kamili lango la ngome lilipofunguliwa tulikuwa wa kwanza. Mama alipanda ule mteremko polepole, akipumzika mara mbili, na safari hii tukazunguka kote. Ngome ilibuniwa na Mtaliano, Giovanni Battista Cairati, kwa amri ya mfalme Felipe wa Pili aliyetawala Hispania na Ureno pamoja. Nikamfungulia Mama picha ya setilaiti kwenye simu. Ukiiona kutoka juu ngome hiyo inafanana na mtu aliyelala chali, mikono na miguu ikiwa minara ya pembeni, kichwa kikielekea baharini. Akaitazama kwa muda mrefu.

"Na mimi nimechora mraba," akasema.

Alisimama zaidi kwenye vitu viwili. Kwanza, michoro ya ukutani iliyoachwa na mabaharia wa Kireno, meli, watu na samaki, imechorwa ovyo kama daftari la mwanafunzi aliyechoshwa na somo. Pili, vitu vilivyoopolewa kwenye Santo António de Tanná, meli iliyotumwa kuiokoa ngome ikazama papo hapo mbele yake mwaka 1697. Walioizingira ngome walikuwa Waomani, na mzingiro wao ulidumu miezi thelathini na mitatu, kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, na ndani ya kuta maradhi yaliua zaidi ya risasi. "Watoto niliwaambia Waomani waliwafukuza Wareno," Mama akasema. "Sentensi moja. Miezi thelathini na mitatu nikaimaliza kwa sentensi moja."

Akanisimulia pia kisa cha Yusuf bin Hasan, mtoto wa mtawala wa Mombasa aliyepelekwa Goa, akabatizwa, akarudishwa kuwa mfalme wa Mombasa chini ya Wareno, halafu mwaka 1631 akamuua kapteni wao na kuitwaa ngome. Waingereza nao waliigeuza kuwa jela kuanzia 1895 hadi 1958. Saa nne na robo jua lilipoanza kukaza, tulikuwa tumemaliza na tunatoka.

Mchana, kwa agizo la mzee wa kahawa, ukawa wa kitu kinachokwenda chenyewe: feri ya Likoni. Anayevuka kwa miguu halipi chochote. Unaingizwa kwenye banda la kungojea, lango linafunguliwa, umati unashuka mteremko, wewe shuka nao bila kukimbia na umshike mzee wako mkono. Tulivuka, tukanywa maji ya machungwa upande wa pili, tukavuka tena. Mama alinyamaza katikati ya mkondo. Anaikumbuka Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilipopinduka jirani tu na hapo wakafa watu 272. Darasani kwake alikuwa na mtoto aliyempoteza mjomba.

Haller Park, bustani ya wanyama, hatukufika, wala kengele ya Frere Town pale Kengeleni, iliyopigwa kuwaonya watumwa walioachwa huru kwamba wawindaji wa watu wanakuja. Zote ziko ng'ambo ya daraja la Nyali na siku ilikuwa imeisha. Zile pembe kubwa za ndovu za kuundwa zilizopindana juu ya Moi Avenue tulizipita ndani ya tuktuk. Mimi naziona kama pembe za bati na sikuomba dereva asimame.

Tulirudi na treni ya saa nne usiku. Inafika Nairobi usiku mkubwa, kwa hiyo beba sweta. Baridi ya Nairobi ukitoka pwani hukushika mbavuni. Abiria wengi walilala kabla ya Mariakani. Mama akaomba kalamu, akageuza karatasi ya tiketi, akaanza kuchora kichwa, mikono, miguu. Mguu wa kushoto ukamtoka mrefu kuliko wa kulia. Akaufuta kwa kidole kilichotiwa mate, karatasi ikatoboka.

"Hebu nipe hiyo simu," akasema, "na utafute karatasi nyingine."