Baiti Saba za Juu

Kijana ninayemfundisha aliniuliza juzi kwa nini emuleta, yaani programu inayoigiza kazi ya prosesa, isinakili rejista zote za prosesa (hifadhi ndogo za thamani zilizo ndani yake) kabla ya kuigiza kila amri. Swali hilo lilinikumbusha usiku tulipokuwa tukitafuta chanzo cha kuanguka kwa mfumo mgeni, yaani ule unaoendeshwa ndani ya kompyuta pepe, ambao ulianguka mara kwa mara baada ya kusoma kutoka kwenye kifaa cha kuigizwa.

Emuleta yetu ilifuata utaratibu ambao KVM, sehemu ya Linux inayoendesha kompyuta pepe, iliuanza mwaka 2012, wa kutochukua rejista mpaka ihitajike. Prosesa ya x86 ya biti 64 ina rejista 16 za matumizi ya jumla, na kwa kila moja tulitunza alama mbili: ya kwanza ilionyesha kwamba thamani yake ni halali, ya pili kwamba imebadilishwa na lazima irudishwe kwa mgeni amri inapokamilika.

Amri iliyotusumbua ilikuwa fupi, ya kusoma baiti moja kutoka kwenye kifaa na kuiweka katika AL, yaani biti 8 za chini za RAX, mojawapo ya rejista hizo 16. Tulipoichapisha RAX kwenye skrini, mwenzangu alianza kuzisoma tarakimu za heksadesimali kwa sauti, kutoka kulia kwenda kushoto. Baiti ya kwanza ndiyo hasa iliyotolewa na kifaa. Akaendelea na zile saba za juu, sauti yake ikizidi kupungua kasi, kwa kuwa sote wawili tulikuwa tunaitambua namba ile: ilikuwa sehemu ya anwani ya kumbukumbu iliyotumiwa na amri nyingine, katika kazi nyingine kabisa ya mgeni yuleyule.

Hapo sababu ilijitokeza. Amri inayoandika biti 32 huifanya nusu ya juu ya rejista kuwa sifuri, hivyo thamani ya zamani haina kazi. Lakini inayoandika biti 8 au 16 lazima iache sehemu iliyobaki kama ilivyokuwa. Msimbo wa emuleta yetu uliitia RAX alama zote mbili bila kuisoma kwanza, na mabaki ya uigizaji uliotangulia yakarudishwa kwa mgeni kama mali yake. Majaribio hayakuligundua kosa hilo kwa sababu yalianza na rejista zilizojaa sifuri. Marekebisho yalikuwa ya mstari mmoja.

Tangu usiku ule mwenzangu alishikilia kwamba rejista zote 16 zinakiliwe kila mara, kwani safari ya kutoka kwa mgeni hadi kwa mwenyeji, yaani mfumo unaomwendesha mgeni, ni ghali kiasi kwamba nyongeza hiyo haionekani. Mimi nilizitetea alama, kwa kuwa zinaonyesha wazi kila amri imegusa nini, na kwa kuwa katika prosesa za Intel thamani kama ya rejista RSP hukaa ndani ya VMCS, eneo maalumu linalotunza hali ya mgeni, ambako kuisoma kuna gharama. Bado ninazitetea, ingawa sijawahi kupata kipimo cha kumridhisha.