Uzinduzi wa gemu ya magari Mtwara: piga hesabu ya foleni kabla ya kukodi spika

Watu wakikaa kupanga usiku wa kuzindua gemu mpya ya magari, mazungumzo yanaanzia kwa MC na spika. Lakini kinachoamua kama watu watakuja tena gemu nyingine ikitoka ni dakika ambazo kila mmoja ameshika padi. Ukijaza watu 40 kwenye ukumbi wa Ligula au Shangani na mashine zako za gemu (PlayStation 5, yaani PS5) ni mbili, kila TV imegawa skrini kwa wachezaji wawili, basi wanne wanacheza na 36 wanatazama migongo yao. Kufika saa mbili usiku nusu wameshadaka bajaji.

Chukua uwanja wa Tsukuba wa Japani, ambao una kilomita mbili na ushee. Asiyezoea, akigonga ukuta mara mbili tatu, atauzunguka kwa dakika moja na nusu hivi. Mizunguko mitatu ni kama dakika nne na nusu. Ongeza moja na nusu ya kubadilishana viti, kuchagua gari na kusubiri mbio zifunguke. Hizo ni dakika sita, maana yake TV moja inatoa mbio kumi kwa saa, viti ishirini. TV tatu ni viti sitini. Kwa watu 40 na saa nne za shughuli, kila mmoja anakaa kitini mara sita, na hapo hakuna atakayenuna. Sasa mwachie mjuaji mmoja achague Nordschleife ya Ujerumani, yenye kilomita karibu 21. Mgeni anachukua zaidi ya dakika kumi kwa mzunguko mmoja tu, na foleni yako imekufa. Monza na Monaco ni nzuri kwa fainali, mshapungua. Kabla ya hapo tumia viwanja vifupi, hata wakikuzomea.

Hesabu hiyo inasimama ikiwa tu gemu yenyewe inagawa skrini, na hapa ndipo wengi wanapigwa chenga. Gran Turismo 7, iliyotoka 4 Machi 2022, inagawa kwa watu wawili, na tangu sasisho la Novemba 2023 inagawa hadi wanne kwenye PS5. F1 25, iliyotoka 30 Mei 2025, inagawa kwa wawili. Forza Horizon 5, iliyofika PS5 tarehe 29 Aprili 2025, haigawi kabisa: mashine moja, mtu mmoja. Gemu ya namna hiyo ukiizindua kwa TV nne una wachezaji wanne, basi. Badala ya mbio za ana kwa ana weka mchuano wa muda: kila mtu mizunguko miwili, muda wake unaandikwa ubaoni, anayefuata anakaa.

Usifanye sherehe usiku uleule gemu inapofunguka. Tanzania haina duka lake la PlayStation, kwa hiyo akaunti nyingi za hapa zimesajiliwa Afrika Kusini, Uingereza au Marekani, na mara nyingi gemu hufunguka saa sita usiku ya nchi ya akaunti. Afrika Kusini hiyo ni saa saba usiku yetu. Uingereza ni saa nane usiku mwezi Mei, saa tisa mwezi Novemba wakisharudisha saa nyuma. Akaunti ya Marekani, kama gemu inafuata saa za New York, ni asubuhi kweupe. Jumamosi inayofuata ndiyo siku yako. Anza saa kumi alasiri watoto wacheze kwanza, simamisha kwa ajili ya Magharibi, endelea, na funga saa nne usiku ili wa Mikindani wapate usafiri wa kurudi. Na kama una uchaguzi wa gemu, ya Oktoba au Novemba inakutana na hela za korosho mjini, minada ikiwa imeanza. Ya Mei inakutana na mifuko iliyotulia, ila mvua zimeisha na unaweza kuweka viti nje.

Kushusha gemu ni kazi ya wiki nzima. Gemu kubwa za magari sasa zinacheza kwenye GB 100, wakati mwingine zaidi. Kwa intaneti ya Mbps 10 inayokwenda bila kusita, GB 100 ni saa 22. Kwa Mbps 20 ni saa 11. Kununua diski hakukuokoi, kwa sababu sasisho la siku ya kwanza lipo palepale. Usiishushe mara nne kwa mashine nne. Ishushe mara moja, kisha ihamishie kwenye diski ya nje ya USB 3 yenye angalau GB 250 na uipitishe mashine kwa mashine. PS5 itaiumba diski upya (format), yaani itafuta kila kilichomo, kabla ya kuikubali, kwa hiyo kama ina picha za harusi ya mtu, zihamishe kwanza. Ichomeke moja kwa moja kwenye mashine, usipitishie kwenye habu. Na gemu ya PS5 haichezwi kutoka kwenye diski ya nje: inabidi irudishwe kwenye hifadhi ya ndani, ambayo kwenye PS5 za mwanzo ina nafasi ya GB 667 tu ya kutumia. Banda lenye gemu za mpira za miaka mitatu halitakuwa na nafasi. Ondoa vitu mapema, si wageni wakiwa mlangoni.

Kunakili mafaili hakukupi leseni. Gemu iliyonunuliwa mtandaoni inafunguka kwenye mashine iliyowekwa kuwa ya kugawana na kucheza bila intaneti (Console Sharing and Offline Play), pamoja na mashine nyingine moja ambayo mwenye akaunti mwenyewe ameingia. Mashine nne zinahitaji manunuzi mawili, au diski nne. Simu inayopokea namba za uthibitisho iwepo ukumbini, na iwe na chaji. Mkataba wa Sony, kwa wanaopenda kusoma maandishi madogo, unasema matumizi ni ya binafsi, si ya biashara. Vibanda vyote vinalijua hilo na vinalifumbia macho, ila unapotoza kiingilio na kubandika matangazo mji mzima, ujue umesimama wapi.

Angalia pia gemu inafanya nini intaneti ikikatika. Sehemu kubwa ya Gran Turismo 7 haifunguki bila seva. Machi 2022, wiki mbili tu baada ya kutoka, matengenezo ya sasisho 1.07 yaliifunga kwa zaidi ya saa 30, na dunia nzima ikabaki inatazama menyu. Kwa hiyo siku moja kabla, chomoa rauta na ujaribu: je, mbio za skrini mbili zinafunguka? Gemu nyingine zinaficha mbio za watu wawili mpaka umalize hatua za mwanzo, na magari ya kuchagua ni yale tu yaliyomo kwenye gereji ya mwenye akaunti. Mtu mmoja acheze saa kadhaa kabla, afungue vitu, anunue magari mawili yanayolingana. Weka na gemu moja ya zamani pembeni, iliyokwisha kujaribiwa bila mtandao, kama akiba.

TV ya nne ni ya usukani, na hii ndiyo itakayovuta watu kuliko vyote. Logitech G29 inakubali PS4 na PS5. G920 inayofanana nayo ni ya Xbox na kompyuta, usikodi hiyo kwa makosa. Juu ya G29 kuna swichi ndogo: ikiwa kwenye PS3 mashine haitauona usukani, na utazunguka na waya nusu saa ukitafuta ubovu. Chomeka adapta yake ya umeme kwanza. Ukiwaka utajizungusha wenyewe kushoto na kulia kutafuta katikati, vidole vya watoto viwe mbali. Usiubane kwenye meza ya plastiki, kwa sababu unavuta kwa nguvu na meza inapinda. Tafuta meza ya mbao nzito.

Pedali ndizo zinazoleta kasheshe. Zimetengenezwa kushika zulia, na kumbi zetu ni vigae au saruji laini, kwa hiyo kila mtu akikanyaga breki zinakimbilia mbele na kiti cha plastiki kinarudi nyuma. Pigilia ubao mpana, uegemeze ukutani, pedali zikae mbele yake, na kiti kiwe cha mbao kisichoteleza. Breki ya G29 ni ngumu kwa sababu ina kipande cha mpira ndani. Mgeni anaigusa kama breki ya bodaboda, gari halisimami, na anasema usukani mbovu. Mwambie kabla hajaanza: kanyaga kweli. Na usimpe gia za mkono mtu wa mara ya kwanza, weka otomatiki.

Kwa TV zote, ingia kwenye menyu ya picha uchague Game. Bila hivyo TV inaipamba picha kabla ya kuionyesha, na mkono unakuwa umekata kona wakati gari bado liko kwenye mnyoofu. Projekta nyingi ni nzito zaidi kwa hilo, kwa hiyo ziachie watazamaji: chukua kigawanyi cha HDMI, waya mmoja kwenye TV ya mchezaji, mwingine kwenye projekta, na ushushe mashine kwenye 1080p kama waya wa projekta ni mrefu. Ukikodi banda umiza, pazia na mabenchi tayari yapo. Mtangazaji apewe maiki hapo, lakini sauti za magari zizimwe kwenye TV nyingine, la sivyo hakuna atakayemsikia.

Umeme. PS5 ikicheza inakula karibu wati 200, TV ya inchi 43 kama 100. Seti nne ni wati 1,200. Ongeza projekta 250, spika 200, feni mbili 150, na umefika wati 1,800. Kwa saa tano ni yuniti tisa za LUKU, kwa hiyo mita isiwe na yuniti nne. Jenereta ya kVA 2.5 itabeba huo mzigo ikiwa inakaribia mwisho wa uwezo wake, hivyo ikiwashwa zima projekta kwanza. Iwe nje kabisa, mbali na dirisha, kwa sababu ya moshi. Weka UPS (betri ya akiba) angalau kwenye mashine moja: ya VA 650 itakupa dakika chache tu pamoja na TV yake, nazo zinatosha kuhifadhi na kuzima vizuri. Ekstensheni ya kuviringisha ifunguliwe yote, ikibaki imeviringwa inachemka. Acha sentimita 10 nyuma ya kila PS5. Kwa joto la Mtwara la Novemba, mashine iliyosukumwa ukutani itaonya kisha itajizima, na itachagua fainali.

Padi zina vituko vyake. Kila padi inashika mashine moja kwa wakati mmoja, na PS5 nne zikiwa chumba kimoja mtu anabonyeza kitufe cha katikati TV ya jirani ndiyo inashtuka. Bandika utepe wa rangi moja kwenye padi na mashine yake. Zikichanganyika, unganisha kwa waya wa USB ubonyeze kitufe hicho tena. Wageni watakuja na padi za PS4: hazichezi gemu za PS5, waambie kwenye tangazo. Gari likivuta upande mmoja bila kuguswa, kijiti cha analogi kimelegea. Ongeza eneo la kutosikia (deadzone) kwenye mipangilio ya gemu, na kama haitoshi itoe padi hiyo. Punguza mtetemo ili chaji idumu, na kuwa na mbili za akiba zikichajiwa, maana padi tupu huchukua karibu saa tatu kujaa.

Chakula kiwe meza ya mbali na mashine. Chipsi mayai na padi havipatani. Ming'oko (mizizi ya porini) na korosho za kukaanga zina chumvi, ila angalau hazipaki mafuta vidoleni kama chipsi. Weka ndoo ya maji, sabuni na taulo njiani kati ya chakula na viti, mtu apite hapo atake asitake. Soda zibaki kwenye meza hiyo hiyo.

Mchuano uwe rahisi. Magari sawa kwa wote, uharibifu wa gari umezimwa, msaada wa breki umewashwa kwenye raundi za mwanzo na umezimwa kuanzia robo fainali. Saa mbili za kwanza ni muda tu, ubaoni, kwa chaki. Wanane wenye muda bora wanaingia mtoano. Aliyemgonga mwenzake makusudi, mbio zinarudiwa mara moja tu, mara ya pili anatoka, na anayeamua ni mmoja, si ukumbi. Zawadi iwe padi au vocha. Vocha ilingane na nchi ya akaunti ya mshindi, kwani ya Uingereza haiingii kwenye akaunti ya Afrika Kusini. Wachezaji wakianza kuwekeana hela, hiyo ni kamari, ina bodi yake na leseni yake, na mtendaji wa mtaa aliyekuruhusu kupiga muziki hakukuruhusu hilo.

Mashine zikiwa za kukodi, usiondoke kabla ya kutoa akaunti zako kwenye kila moja na kuzima ile ruhusa ya kugawana. Mtumiaji mfute kabisa. Kadi ya benki iliyohifadhiwa humo haijui sherehe imeisha, na kijana wa banda kesho asubuhi ana wateja wanaotaka gemu mpya.