Makohozi si mate: siku moja katika utafiti wa nimonia

Saa 12:30 asubuhi. Watu wakisikia "utafiti" hufikiria kompyuta na makongamano. Utafiti wa nimonia huanza kwa kusoma kipimajoto cha inkubeta, kabati la joto la kuoteshea bakteria. Kikionyesha kati ya 35 na 37, sahani za jana tulizopandia sampuli ziko salama. Umeme ukikatika usiku na jenereta ikachelewa, tunaanza na hasara.

Saa 1:30, wodini. Tunatafuta nimonia iliyompata mtu akiwa kwake. Aliyeanza kuugua baada ya kulazwa saa 48 haingii, kwa kuwa bakteria wa wodini ni wengine. Ridhaa, saini au dole gumba. Damu hutangulia sindano ya kwanza ya antibayotiki, mililita 10 kila mkono. Huku pwani ya Kenya neno mumiani halijafa, kwa hiyo kipimo husemwa kwa lugha ya jikoni: zote mbili ni vijiko vinne vya chai. Mgonjwa ana haki ya kujua hilo kabla sindano haijamgusa.

Kisha makohozi, na hapo ndipo asubuhi inapoliwa.

"Babu, haya ni mate."

"Si mmesema niteme, mwanangu?"

Kosa ni la aliyemwelekeza. Atoe meno ya bandia, asukutue kwa maji matupu, akae wima, avute pumzi ndefu mara tatu, ndipo akohoe kutoka chini kabisa ya kifua. Mwenye kichomi hukatiza kikohozi katikati kwa sababu ubavu unamchoma. Mpe mto aukumbatie, msubiri. Dakika 20, pengine 40. Wengi wameshameza amoksilini ya dukani, na hata dozi chache zaweza kumzuia nimokoka, bakteria anayeongoza kuleta nimonia, asiote. Swali la dawa liulizwe mara mbili, na pakiti ionekane.

Kikopo kifike maabara ndani ya saa 2. Chini ya lenzi ya hadubini inayokuza mara 10, katika kila eneo linaloonekana, seli bapa za mdomoni zisifike 10, seli nyeupe zizidi 25. Sampuli isiyotimiza hukataliwa, hata iwe imemgharimu mzee dakika 40 za maumivu. Inauma. Lakini bakteria wa mdomoni wakihesabiwa kuwa wa mapafuni, mgonjwa hupewa dawa isiyo yake na utafiti huandika uongo.

Mchana ni sahani za jana: agari, yaani jeli ya kulishia bakteria, yenye damu ya kondoo asilimia 5. Damu ya binadamu iliyopitwa na muda isitumike, ina kingamwili na pengine mabaki ya dawa. Koloni la nimokoka ni dogo, lina ukungu wa kijani pembeni, katikati limebonyea kama kete ya drafti. Kule kubonyea ni bakteria wanaojimeng'enya. Ukichelewa kusoma, unachota wafu. Kikaratasi cha optokini, kemikali inayomzuia nimokoka kuota, kikiacha duara tupu la milimita 14 au zaidi, ndiye. Likipungua, tunatia chumvi ya nyongo kwenye bomba: tope likigeuka maji maangavu, ndiye vilevile.

Miguu imechoka, simu za majibu ya wodini zimepigwa. Vimelea hugandishwa kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri, ndani ya maziwa yaliyoondolewa mafuta na gliserini, vipimwe aina. Aina za nimokoka zinazidi 90. Chanjo iliyoanza kutolewa Kenya mwaka 2011 ililenga 10, na lazima tujue zipi zimebaki kuumiza watu.

Giza linaingia. Sahani mpya hupangwa mtungini pamoja na mshumaa mweupe usio na manukato. Mshumaa unawashwa, kifuniko kinabanwa. Mwali ukizimika wenyewe, kabonidioksidi imeongezeka na hewa imemfaa nimokoka.