Hati ya Kuvukia Mpaka: Anza na Swali la Nani Atakupokea

Ndugu na marafiki wanapojiandaa kwa safari ya nje, mara nyingi huniletea swali lilelile: je, kitambulisho hiki kinatosha? Huuliza wakiwa wameshika leseni ya udereva, au kitambulisho cha taifa, au simu yenye picha ya pasipoti, na karibu wote hutoa hoja moja, kwamba hati hiyo ina jina lao, sura yao na muhuri wa serikali. Hoja hiyo ina uzito wake, lakini inajibu nusu tu ya kile kinachoulizwa mpakani, na nusu inayobaki ndiyo inayowarudisha watu nyumbani na mizigo yao.

Afisa uhamiaji anataka kujua wewe ni nani. Anataka pia kujua wewe ni raia wa nchi gani, na kwa hiyo, akikukatalia kuingia au muda wako wa kukaa ukiisha, ni dola ipi italazimika kukupokea. Pasipoti hujibu maswali yote mawili kwa pamoja, kwa sababu ndani yake mna ahadi ya serikali iliyoitoa kwamba mwenye kitabu hiki ni mtu wake na mlango wa kurudi uko wazi kwake. Mwaka 1922, wakati Fridtjof Nansen alipokuwa Kamishna Mkuu wa Wakimbizi wa Shirikisho la Mataifa, lililotangulia Umoja wa Mataifa, walianza kupewa wakimbizi wa Kirusi vyeti vilivyokuja kujulikana kama pasipoti za Nansen. Cheti kile kilimtambulisha mtu vizuri, ila hakikumpa haki ya kurudi katika nchi iliyokitoa, na serikali nyingi zilisita kumwingiza mgeni ambaye hawakujua wangemrudisha wapi. Ndipo katika makubaliano ya 1926 suala la viza ya kurudi likaingizwa. Mimi huona kwamba anayeielewa historia hii fupi huzielewa karibu kanuni zote za mpakani.

Chukua leseni ya udereva. Katika nchi nyingi hupewa raia na mgeni mkaazi vilevile, kwa hiyo haithibitishi uraia wa yeyote. Marekani ni mfano mzuri. Tangu Mei 2025, leseni inayotumiwa kwa ndege za ndani ya nchi hutakiwa iwe imetimiza masharti ya REAL ID, sheria inayoweka viwango vya vitambulisho, na wengi hudhani kwamba ile nyota iliyochapwa juu yake huwavusha mpaka pia. Haiwavushi. Lakini majimbo matano, yaani Michigan, Minnesota, New York, Vermont na Washington, hutoa leseni ya aina nyingine ambayo mwombaji huipata baada ya kuthibitisha uraia wake, na hiyo humrudisha Mmarekani nchini mwake kwa njia ya nchi kavu au bahari kutoka Kanada na Mexico. Vilevile mtoto wa Kimarekani wa chini ya miaka 16 anaweza kuingia kwa njia hizo akiwa na cheti cha kuzaliwa, karatasi isiyo hata na picha, kwa kuwa inaonyesha uraia. Kwa maneno mengine, hati yenye sura yako inaweza kushindwa pale ambapo karatasi isiyo na sura inapita.

Vitambulisho vya taifa navyo huvuka mipaka, ila kwa mapatano tu. Raia wa nchi za Umoja wa Ulaya husafiri ndani ya umoja huo kwa kitambulisho halali au pasipoti; Kenya, Rwanda na Uganda zilikubaliana kuwaruhusu raia wao kutumia vitambulisho vya taifa kuanzia 2014; na nchi kadhaa za Amerika Kusini zina utaratibu wa namna hiyo. Mapatano haya hubadilika. Uingereza iliacha kupokea vitambulisho vya raia wengi wa Umoja wa Ulaya tarehe 1 Oktoba 2021, na aliyezoea kwenda huko na kadi yake ya siku zote alitakiwa kuanzia siku hiyo kuwa na pasipoti. Tena mapatano ya nchi mbili hayamfungi jirani wa tatu: ukiunganisha safari kupitia nchi isiyohusika, au ukilazimika kurudi kwa njia nyingine, kadi iliyokupeleka haitakuokoa. Kwa sababu hiyo huwashauri wanaoweza kuipata pasipoti wabebe pasipoti, hata pale kanuni isipowalazimisha.

Njia unayopita nayo ina kauli yake. Marekani hutoa kadi ya pasipoti, ndogo ya kutosha kuingia kwenye pochi, na ni uthibitisho kamili wa uraia. Hata hivyo hutumika kwa nchi kavu na bahari kutoka Kanada, Mexico, Bermuda na visiwa vya Karibi, na haikubaliwi kwa ndege ya kimataifa. Anayeenda kwa gari na kutarajia kurudi kwa ndege anahitaji kitabu.

Kwa ndege kuna jambo ambalo wasafiri wengi hawalitarajii: msomaji wa kwanza wa hati yako ni mfanyakazi wa shirika la ndege kwenye kaunta, na neno lake kwa kawaida ndilo la mwisho kwa siku ile. Kanuni za kimataifa zilizomo katika Kiambatisho cha 9 cha Mkataba wa Chicago wa 1944 hulibebesha shirika la ndege jukumu la kumwondoa abiria aliyekataliwa, na nchi nyingi hulitoza faini linapomleta abiria asiye na hati sahihi. Ndiyo maana mfanyakazi yule huangalia masharti ya nchi uendako katika mfumo wa Timatic, unaosimamiwa na shirikisho la mashirika ya ndege, IATA, na mfumo ukikataa, kubishana naye hakusaidii kitu. Si ukatili wake; kosa lako lingekuwa gharama ya mwajiri wake.

Sasa tarehe, na hapa naomba msomaji asiharakishe, kwa kuwa pasipoti ambayo haijaisha muda inaweza kuwa haifai. Nchi nyingi hudai iwe na uhai wa miezi sita zaidi, nyingine zikihesabu tangu siku ya kuingia na nyingine tangu siku ya kuondoka. Sababu ni ileile ya mwanzo: mwenyeji hataki mgeni akae mpaka ahadi ya kurudishwa iishe muda mikononi mwake. Nchi za eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi kwenye mipaka kati yao, zina masharti mawili kwa raia wa nje ya Umoja wa Ulaya, na yote mawili hupimwa: pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita kufikia siku ya kuingia, na ibaki halali kwa angalau miezi mitatu baada ya siku unayokusudia kuondoka. Waingereza waliumizwa sana na sharti la kwanza baada ya nchi yao kutoka katika umoja huo. Mpaka Septemba 2018 serikali yao ilikuwa ikihamishia miezi iliyobaki ya pasipoti ya zamani, hadi miezi tisa, kwenye pasipoti mpya, kwa hiyo kitabu kingeweza kusomeka kuwa halali kwa miaka 10 na miezi tisa. Mtu aliyetazama tarehe ya mwisho pekee alijiona salama, kumbe tarehe ya kutolewa ilikuwa imekwisha kumfungia mlango. Tazama tarehe zote mbili, kisha hesabu kurasa tupu, kwa sababu zipo nchi zinazodai ukurasa mmoja au zaidi usio na muhuri wowote.

Kuna pasipoti nyingine inayoonekana nzima na ilhali imekufa: ile iliyoripotiwa kupotea kisha ikapatikana chini ya godoro. Tangu 2002 Interpol ina hifadhidata ya hati za kusafiria zilizoibwa na zilizopotea, na serikali hupeleka huko namba za hati zilizofutwa. Namba ikishaingia humo, kukipata kitabu hakukifufui. Kitafute kwanza ndani ya nyumba, kisha ndipo uripoti. Na ukisharipoti, usisafiri nacho kamwe.

Kuhusu majina, fuata mistari miwili iliyo chini ya ukurasa wenye picha, ambayo mashine huisoma. Kila mstari una nafasi 44, umepangwa kwa viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, na hutumia herufi A hadi Z zisizo na alama. Jina la Kijerumani Müller, kwa mfano, huweza kusomeka pale chini kama MUELLER, na mwandiko huo ndio salama kwa tiketi. Aliyeolewa na kubadili jina kwenye kitambulisho lakini si kwenye pasipoti akate tiketi kwa jina la pasipoti. Cheti cha ndoa kinafaa kubebwa, ila ni hati ya kusindikiza tu, na hakuna anayelazimika kukipokea.

Pasipoti mpya huleta swali lake. Viza iliyobandikwa kwenye kitabu cha zamani wakati mwingine huendelea kutumika. Viza ya Marekani ambayo haijaisha, kwa mfano, hutumika ukibeba vitabu vyote viwili, mradi viwe vya uraia uleule na viza yenyewe iwe haijaharibika. Vibali vya kielektroniki ni kinyume chake: ESTA ya Marekani na ETA ya Uingereza hufungwa kwenye namba ya pasipoti, kwa hiyo kitabu kikibadilika, huna budi kuomba upya. Mwenye uraia pacha naye asichague pasipoti kwa urefu wa foleni. Marekani humtaka raia wake aingie na kutoka kwa pasipoti ya Marekani hata kama ana nyingine, na zipo nchi nyingine zenye sharti kama hilo. Kanuni ninayoipendekeza ni kuionyesha kila nchi pasipoti yake yenyewe, na kulipatia shirika la ndege taarifa za ile itakayokuingiza uendako.

Mtoto anayesafiri na mzazi mmoja, au na bibi, au na mwalimu, hubeba pasipoti yake pamoja na hati za kujibu swali la nani amemruhusu: nakala ya cheti cha kuzaliwa na barua ya idhini ya mzazi asiyekuwepo, ikiwezekana ikiwa imethibitishwa na wakili au mthibitishaji wa hati. Si kila mpaka utaiomba. Lakini swali hilo huulizwa kwa ajili ya kuzuia utekaji na usafirishaji haramu wa watoto, na binafsi nafurahi kila afisa anapoliuliza.

Wale wasio na dola ya kuwaahidi kurudi wana njia yao. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 na ule wa Watu Wasio na Utaifa wa 1954 huweka hati ya kusafiria inayotolewa na nchi wanakoishi kihalali, na katika kiambatanisho cha ule wa 1951 nchi hiyo hujifunga kumpokea tena mwenye hati wakati wowote ikiwa bado halali. Mkimbizi asiikimbilie pasipoti ya nchi aliyoikimbia kwa kuwa ni rahisi zaidi. Kuichukua kunaweza kutafsiriwa kwamba amerudi chini ya ulinzi wa nchi hiyo, na hadhi yake ikahojiwa. Wakati wa kuomba viza asionyeshe hati hiyo kana kwamba ni pasipoti ya kawaida, kwa sababu misamaha ya viza waliyopewa raia wa nchi anakoishi mara nyingi haimhusu yeye.

Aliyepotelewa na pasipoti safarini atapata ubalozini hati ya dharura, ambayo kwa kawaida ni ya safari moja na ya muda mfupi. Kabla ya kuipokea, amtajie afisa wa ubalozi kila nchi atakayopitia, hata kiwanja atakachobadilishia ndege tu, kwa sababu si nchi zote huitambua. Nakala ya ukurasa wa picha haitamvusha popote, ila humharakishia kazi ubalozini. Iwekwe mbali na pasipoti yenyewe, na nyingine aachiwe mtu wa nyumbani anayepatikana kwa simu.