Kazi za Seva Zinazojirudia: Nani Atajua Zisipofanyika?

Karibu kila anayeanza kusimamia seva hujifunza mapema kuandika mstari mmoja wa crontab (faili la ratiba la cron, programu inayoanzisha kazi kwa wakati uliopangwa), wenye sehemu tano za wakati, yaani dakika, saa, siku ya mwezi, mwezi na siku ya juma, kisha amri yenyewe. Mstari `30 2 * * * /opt/kazi/nakala.sh` unaagiza skripti ya kunakili hifadhidata iendeshwe kila siku saa nane na nusu usiku. Mpangilio huu ni mfupi, unaeleweka, na umedumu: cron ilikuwamo katika toleo la 7 la Unix lililotoka mwaka 1979, na ile aliyoiandika Paul Vixie mwaka 1987 ndiyo iliyoenea baadaye katika mifumo mingi ya Linux. Kwa sababu ya urahisi huo, wengi huona shughuli imekwisha pindi mstari unapohifadhiwa. Kwa maoni yangu, hapo ndipo inapoanza. Kuanzisha kazi kwa wakati ni jambo ambalo kompyuta imeliweza kwa miongo kadhaa; kinachotushinda ni kujua, bila kwenda kuchungulia, kwamba usiku wa jana kazi haikufanyika.

Sababu za kazi kutofanyika ni nyingi, na nyingine zimejificha ndani ya cron yenyewe. Cron huendesha amri katika mazingira finyu kuliko yale ya mtu aliyeingia kwenye seva na kuandika amri kwa mkono. Katika Debian, mojawapo ya mifumo ya Linux, njia ya kutafutia programu huwa ni `/usr/bin:/bin` peke yake, na amri hupitishwa kwa `/bin/sh` wala si Bash, kitafsiri amri ambacho wengi hukitumia kwa mkono, hivyo skripti inayotegemea programu iliyosakinishwa chini ya `/usr/local/bin` hufanya kazi vizuri mchana mbele ya msimamizi na kushindwa usiku. Alama ya asilimia nayo ina maana yake ndani ya crontab: isipotanguliwa na mkwaju wa nyuma, hugeuzwa kuwa mstari mpya, na yote yanayofuata alama ya kwanza hulishwa kwa amri kama maandishi ya kuingizwa. Anayetaka jina la faili libebe tarehe lazima aandike `date +\%F`. Aidha, ukijaza siku ya mwezi na siku ya juma kwa pamoja, cron haisubiri zikutane. Mstari `0 3 13 * 5` utaendeshwa kila tarehe 13 na pia kila Ijumaa, jambo ambalo halimjii msomaji wa kawaida akilini.

Makosa ya aina hiyo hurekebishika kwa dakika chache mara yanapoonekana, ndiyo maana swali la kuonekana ndilo kubwa. Mfano bora ninaoujua ni wa GitLab, kampuni inayohifadhi msimbo wa programu za watu. Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa kampuni hiyo alifuta kwa bahati mbaya data za hifadhidata kuu, na walipokwenda kutafuta nakala rudufu walikuta hazipo. Kazi iliyopangwa kuzitengeneza kila siku ilikuwa ikishindwa, kwa kuwa ilitumia pg_dump (programu ya kunakili hifadhidata za PostgreSQL) ya toleo la 9.2 wakati hifadhidata ilikuwa ya PostgreSQL 9.6. Taarifa za kushindwa zilitumwa kwa barua pepe, lakini seva ya upande wa kupokea ilizikataa kwa sababu hazikutimiza masharti ya DMARC, kanuni za kuthibitisha mtumaji wa barua pepe. Kilichowaokoa ni picha ya diski, yaani nakala ya hali yake ya wakati mmoja, ambayo ilikuwa imechukuliwa kwa mkono muda wa saa sita hivi kabla ya ajali. GitLab walieleza yote hayo hadharani, na nawashukuru kwa hilo, kwa maana maelezo yao yanatuonyesha kwamba ratiba ilikuwepo, na taarifa za kushindwa zilikuwepo, ila hapakuwa na yeyote wa kushtuka zisipofika.

Funzo ninalolishikilia ni kwamba mfumo wa taarifa unaosema pale tu mambo yanapoharibika hautoshi. Kazi ambayo haikuanza kabisa, kwa kuwa seva ilizimwa au crontab ilifutwa, haiwezi kutuma taarifa yoyote. Inafaa mambo yageuzwe: kazi itume ishara kila inapofaulu, na chombo kilicho nje ya seva hiyo kipige kengele ishara isipofika kwa muda uliowekwa. Huduma kama Healthchecks.io hufanya hivyo hasa, kwa kuipa kila kazi anwani yake ya wavuti ya kuitwa na amri ya `curl` mwishoni mwa skripti. Mwenye Prometheus, mfumo wa kufuatilia hali za seva, anaweza kuandika saa ya mafanikio ya mwisho kwenye faili linalosomwa na node_exporter, programu inayoupelekea vipimo vya seva, kisha akaweka kanuni kwamba zikipita saa 26 kwa kazi ya kila siku, mtu aamshwe.

Hata hivyo ishara ya mafanikio ina thamani tu iwapo skripti yenyewe inasema kweli. Amri `pg_dump duka | gzip > duka.gz` hurudisha msimbo wa matokeo (namba inayosema kama amri imefaulu) wa gzip, programu ya kubana faili, kwa kuwa ndiyo ya mwisho kwenye mfereji unaoundwa na alama `|`, na gzip hufaulu hata ikipewa kitu kitupu. Matokeo yake ni faili lenye baiti chache, lenye jina sahihi na tarehe sahihi, lisilo na data ndani. Katika Bash, `set -euo pipefail` mwanzoni mwa skripti, inayoifanya ikome amri inaposhindwa hata ndani ya mfereji, huziba sehemu kubwa ya pengo hilo. Mimi huongeza kipimo cha ukubwa wa faili, na kwa nakala rudufu zenye uzito, kazi ya pili ya kila juma inayoirejesha nakala kwenye hifadhidata ya majaribio na kuhesabu safu. Kazi hiyo ya pili ndiyo ninayoithamini kuliko zote, kwa sababu nakala ambayo haijawahi kurejeshwa haijathibitishwa.

Kuhusu kazi kupandana, yaani mpya kuanza kabla ya ile ya awali kumalizika, dawa ni fupi: `flock -n` mbele ya amri, ambayo huizuia isianze iwapo ya awali bado imeshika kufuli.

Kwenye mifumo yenye systemd, programu inayosimamia huduma katika Linux nyingi, siku hizi napendelea vipima saa vyake kuliko cron, ingawa huhitaji mafaili mawili mahali pa mstari mmoja. Huduma ambayo bado inaendelea haianzishwi mara ya pili, matokeo yote huingia kwenye jarida la mfumo pamoja na msimbo wake, na `systemctl list-timers` huonyesha kila kazi iliendeshwa lini na itaendeshwa tena lini. Agizo `Persistent=true` huifanya kazi iliyopitwa wakati seva imezimwa iendeshwe mara seva inapowaka. `RandomizedDelaySec` nayo hutawanya mwanzo wa kazi, ili seva mia moja zisiivamie hifadhi moja katika sekunde ileile. Jenkins, chombo cha kuendesha kazi za ujenzi wa programu, inalo wazo la aina hiyo: herufi H mahali pa dakika huchagua dakika kutokana na jina la kazi, na hivyo mzigo husambaa bila mtu kupanga.

Kuna pia suala la majira. Katika nchi zinazosogeza saa mbele na kurudisha nyuma, upo usiku mmoja kwa mwaka ambapo saa nzima haipo, na mwingine ambapo inajirudia. Cron ya Debian hujitahidi kuyashughulikia mabadiliko hayo, lakini si kila chombo hufanya vivyo hivyo. Kuiweka seva kwenye UTC, saa ya kimataifa isiyosogezwa, humaliza mjadala, na huwa nashangaa ni kwa nini jambo hili bado linabishaniwa.

Ratiba zinazoendeshwa na mtu mwingine zina masharti yake, na inapasa yasomwe kabla ya kuzitegemea. GitHub Actions, huduma ya GitHub ya kuendesha kazi za msimbo, haikubali kipindi kifupi kuliko dakika 5, huweza kuchelewesha kazi mzigo ukiwa mkubwa, na katika hazina za wazi huzizima ratiba zikipita siku 60 bila shughuli. CronJob, yaani kazi ya ratiba ya Kubernetes (mfumo wa kuendesha programu kwenye kundi la seva), usipoielekeza vingine, huruhusu kazi zipandane. Ni `concurrencyPolicy: Forbid` inayozuia.

Seva zikizidi mbili au tatu, mistari hii haifai tena kuandikwa kwa mkono. Moduli ya cron ya Ansible, chombo cha kusanidi seva nyingi kwa mafaili, huitambua kila kazi kwa jina lake, hivyo kuendesha upya hakuongezi mstari wa pili, na ratiba zote huishi kwenye Git, chombo cha kutunza historia ya mafaili, ambako kila badiliko lina mwandishi na sababu. Ila kuifuta kazi kwenye faili la Ansible hakuiondoi kwenye seva. Lazima kwanza iandikwe `state: absent`, iendeshwe kote, ndipo maelezo yake yafutwe, la sivyo skripti ya zamani itaendelea kujiendesha kila usiku kwenye seva ambazo hakuna faili lolote linalosema kwamba inapaswa kuwepo.