Taja sura, acha namba ya ukurasa: kusoma riwaya moja mkiwa miji tofauti

Watu kumi wakikubaliana kusoma riwaya moja, huyu yuko Tanga, yule Nakuru, wengine Unguja na Muscat, mkanganyiko wa kwanza huletwa na namba za kurasa. Mmoja anaandika, "Niko ukurasa wa 84." Mwenzake anafungua ukurasa huohuo kwenye nakala yake, anakuta mambo mengine kabisa. Riwaya zetu zinazopendwa zimechapwa zaidi ya mara moja, kwa ukubwa tofauti wa herufi. Rosa Mistika ya Kezilahabi ilitoka mwaka 1971. Aliyeokota nakala kuukuu kwa muuza vitabu vya mtumba na aliyenunua toleo la karibuni wanasoma maneno yaleyale, lakini kurasa zao hazikutani.

Kwa hiyo taja sura, kisha kitu kidogo kisichofichua lolote: "Sura ya 6, nimeishia pale mvua inapoanza." Kama kitabu hakina sura zenye namba, mtu mmoja apitie mwanzo wa kila sehemu bila kusoma ndani, anakili maneno matano ya kwanza na kuyapa namba. Hiyo ndiyo ramani ya kikundi. Itumeni kabla ya siku ya kwanza na kuibandika juu ya mazungumzo. WhatsApp hukuruhusu kubandika ujumbe kwa saa 24, siku 7 au siku 30. Ramani ipeni siku 30, ratiba ya wiki siku 7.

Asilimia inasaidia, ila ihesabiwe vizuri. Matoleo ya shuleni huwa na dibaji mbele na maswali nyuma, na kurasa hizo si hadithi. Tafuta ukurasa ambao hadithi inaishia, tuseme wa 212, gawa ulipofika kwa hiyo 212, zidisha kwa 100. Ukurasa wa 84 unakupa asilimia 40 hivi. Goodreads, mtandao wa kuorodhesha vitabu unavyosoma, huhesabu kwa idadi ya kurasa iliyoandikwa kwenye toleo ulilochagua, kwa hiyo ukichagua toleo lisilo lako utaambiwa umebakiza robo ilhali umeshamaliza. Vitabu vya zamani vitafute kwa jina la mwandishi, wala usihangaike na ISBN, ile namba ya kutambulisha kitabu. Kusadikika ya Shaaban Robert ilitoka mwaka 1951, wakati namba hizo hazijaanza kutumika. StoryGraph, mtandao mwingine wa aina hiyo, ina utaratibu mzuri kwa wanaosoma pamoja: maoni ya mwenzako yanabaki yamefungwa hadi nawe ufike pale alipoyaandikia.

Sasa ratiba. Makosa mengi huanzia kwenye kugawanya kurasa kwa idadi ya siku na kuona kazi imekwisha. Kila mmoja asome kwa dakika 20, jioni akiwa na uchovu wake wa kawaida, ahesabu kurasa alizosoma. Msichukue wastani, chukueni mwendo wa wale wa polepole, kwa sababu hao ndio watakaonyamaza kimya na kujitoa bila kuaga. Wakisoma kurasa 9 kwa dakika 20, siku tano kwa wiki ni kurasa 45. Riwaya ya kurasa 212 itachukua wiki tano, na kila wiki inabaki na siku mbili za mazungumzo. Mpaka wa wiki uangukie mwisho wa sura hata kama ni kurasa 38 au 52. Wiki ya kwanza iwe fupi kuliko zote, kurasa 25 zinatosha, maana daima kuna mtu ambaye nakala yake bado iko kwenye basi.

Wembamba wa kitabu usiwadanganye. Nagona ya Kezilahabi haifiki kurasa mia, na kikundi kinachoipa wiki moja huvunjika katikati. Kila sehemu inadai kusomwa mara mbili, na nafsi ya msimulizi haishikiki kwa haraka. Ipeni wiki tatu. Kwa upande mwingine, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka ya Kitereza, iliyoandikwa kwa Kikerewe na kutoka kwa Kiswahili mwaka 1980 kwa majuzuu mawili, ni ndefu kwelikweli lakini inasomeka kwa utulivu. Kila juzuu lihesabuni kama kitabu chake, na katikati pumzikeni wiki nzima.

Ninalolijali kuliko yote ni kutommwagia mtama mwenzako. Hasara ile hairekebishiki: msomaji hupata nafasi moja tu ya kukutana na tukio bila kulijua. Na wengi wanaofichua hawana nia mbaya, ila simu inafichua kwa niaba yao. Ujumbe unapoingia, maneno ya mwanzo yanaonekana kwenye kioo hata kabla mtu hajaufungua. Mtu akiujibu kwa kuunukuu, maneno hayohayo ya mwanzo yanajitokeza tena. Ndiyo maana mstari wa kwanza uwe kichwa tu: jina la kitabu na "hadi sura ya 4". Sentensi ya pili iwe ya kawaida isiyo na hatari. Uzito uje chini. Telegram imerahisisha zaidi, kwani unachagua maneno na kuyafunika, na hayasomeki mpaka mtu ayaguse.

Ujumbe wa sauti ndio hatari zaidi, na ndio tunaoupenda. WhatsApp ikimaliza kucheza sauti moja huendelea yenyewe na inayofuata. Mtu anasikiliza maoni ya sura ya 3 huku anakaanga vitunguu, mikono ina mafuta, na sekunde chache baadaye anaambiwa nani amekufa katika sura ya 9. Dawa yake ni kuandika kichwa kwa maandishi kabla ya kila sauti. Ujumbe wa maandishi ukikaa katikati, mfuatano unakatika. Na sauti isizidi dakika mbili. Ikizidi hapo, hakuna atakayeirudia kutafuta hoja yako.

Riwaya za upelelezi zina kanuni yake. Kwa Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla (1960), hata kusema "yule sikumdhania" ni kufichua. Simameni kabla Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya hiyo, hajaanza kueleza alichokigundua, pigeni kura ya nani mnayemshuku, kisha endeleeni. Kura iandaliwe na mtu ambaye hajasoma mbele, kwa sababu anayejua mwisho atapanga majina kwa namna inayomsaliti.

Filamu nayo ina mtego wake. Vuta n'kuvute ya Adam Shafi ilitengenezewa filamu mwaka 2021, na aliyeitazama huja na picha za waigizaji na matukio ambayo msomaji hajafika. Watengeeni mazungumzo yao pembeni hadi kitabu kiishe.

Kupendekeza kitabu ukipendacho ni kazi tofauti na kutoa taarifa ya maendeleo. "Kizuri sana, kisomeni" hakimsaidii mtu. Sema kinahusu nini kwa sentensi moja, sema kitamfaa nani, sema kilipo kizito, kisha nakili sentensi mbili kutoka robo ya kwanza. Mfano: "Kuli ya Adam Shafi, 1979. Wapagazi wa bandari ya Unguja hadi mgomo wa 1948. Itamfaa anayependa historia inayosimuliwa na watu wa chini. Atakayesumbuka na msamiati wa Unguja awe na Kamusi la Kiswahili Fasaha la BAKIZA (Baraza la Kiswahili la Zanzibar) karibu." Kwa maelezo hayo mtu anaamua mwenyewe, na akikikataa amekataa kwa sababu.

Na yule anayeuliza "nani ana PDF?" ajibiwe kwa upole lakini ajibiwe. Kunakili sentensi mbili tatu ili mzijadili ni jambo jema. Kupiga picha kitabu kizima na kukisambaza ni kumnyima mwandishi na mchapishaji mapato ambayo tayari ni kidogo. Tangazeni kitabu mwezi mmoja kabla, ili walio mbali waagize, walio karibu waazimane, na wawili wanaoishi mtaa mmoja washirikiane nakala kwa zamu ya siku mbili mbili.

Wiki ya mwisho msifungue mazungumzo huru siku ileile ratiba inapoisha. Ongezeni siku mbili. Tumeni kura yenye majibu matatu: nimemaliza, bado sura moja, bado zaidi. Waliobakiza sura moja wasubiriwe. Waliobakiza zaidi waulizwe kama wanapenda kunyamazisha kikundi kwa wiki moja, na watakaporudi maoni yao yapokewe na kujibiwa, hata kama wengine wote wameshaingia kitabu kingine.