Siku moja na darasa la tano, Igoma, Mwanza

Saa 11 alfajiri nimeshaamka. Saa 12 niko kwenye daladala, nimebanwa na ndoo ya dagaa ya mtu. Saa 1 usafi, mstari, mahudhurio. Hayo hayana hadithi.

Wanaosema ualimu wa msingi ni kushika chaki na kuimbisha watoto wangekuja kipindi cha saa 4 na nusu, wanafunzi wanne dawati moja. Mada: mbuga za nchi zenye majira ya baridi. Watoto wa huku mbuga wanaijua. Geti la Ndabaka la Serengeti liko barabara ya Musoma. Sasa waeleze preri ya Marekani, stepi ya kutoka Ukraine hadi Mongolia, pampasi ya Argentina.

"Mwalimu, theluji ndiyo nini?"

Nikawaambia wafikirie barafu ya sangara pale soko la samaki la Mwaloni Kirumba, isagwe laini, imwagwe uwanja mzima wa mpira.

"Si nyasi zitakufa?"

Swali hilo nilikuwa nalisubiri. Jana niliwaagiza waje na nyasi zenye mizizi. Tukazipanga sakafuni, nikawaonyesha chipukizi lilivyojificha usawa wa udongo. Moto, baridi na meno ya wanyama huishia juu. Chini mmea uko hai. Nikaning'iniza kamba ya mita 2 mlangoni: mizizi ya baadhi ya nyasi ndefu za preri hushuka kuliko hapo. Wakaanza kusukumana kujipima.

Hodi! Mama Neema, kanga kiunoni.

"Mwalimu, mchaichai wangu uko wapi?"

Anauza chai asubuhi. Binti kamng'olea shina zima.

"Mama Neema, mimi niliagiza nyasi za njiani."

"Nimemleta asome, si kung'oa majani!"

Nikamwomba tukazungumze ofisini, hataki. Nikamwomba asubiri mapumziko, wateja wake je, watasubiri? Kutoka nyuma Neema akauliza, kwa sauti ndogo, "Mwalimu, kwani mchaichai si nyasi?" Ni nyasi. Ningekataaje mbele ya darasa zima? Mama akanitazama kama nimemtuma mtoto. Alisimama mlangoni mpaka mzizi wa mwisho ukafungwa kwenye gazeti, na bado akadai sukari imepanda.

Dakika zilizobaki nikakimbizana na baisoni, jamaa wa nyati mwenye nundu: walikuwa mamilioni, uwindaji ukawaacha kama 1,000 tu mwishoni mwa miaka ya 1880. Mbwa wa preri nikamtaja tu, kwamba ni jamii ya kindi na hutoa mlio kama kubweka. Darasa zima likabweka. Mwalimu wa jirani akagonga ukuta.

Mchana sijui uliishaje. Jua la bati, vumbi la chaki, koo limekauka. Nimerudi nyumbani na mzigo wa madaftari. La kwanza limechora baisoni kwenye theluji, kando yake muuza chai. Nimempa alama zote, ila nimemwandikia: "Chora na mizizi."